Umeonywa, na onyo ni la kweli: utubu chumbani, kwa uliyemkosea, kwa mchungaji au mbele ya usharika?

Makala haya ni ya mtu ambaye tayari ameonywa. Pengine mama mkwe alikuita pembeni baada ya mazishi huko Kibosho. Pengine wazee wa kanisa walikaa nawe jioni ofisini kwa mchungaji, au katibu wa kwaya alikuuliza kuhusu fedha za sare mbele ya wenzako wawili. Ulikasirika, ukajitetea, ukalala na hasira. Sasa hasira imepoa na moyoni unajua walichosema ni kweli. Kinachobaki ni kutubu, na hapo ndipo watu wengi Moshi na Arusha wanakwama, kwa sababu njia ni zaidi ya moja na kila kanisa lina mazoea yake. Mlutheri atakwambia nenda kwa mchungaji. Jirani yako Mkatoliki atakuuliza umeungama lini. Dada mlokole atasema simama ushuhudie. Na bibi yako kule Old Moshi atauliza kama umeshamwendea uliyemkosea.

Kabla ya kuzilinganisha, wakumbuke wafalme wawili walioonywa. Sauli alipokemewa na Samweli kuhusu Waamaleki alisema, nimefanya dhambi. Lakini soma 1 Samweli 15:30 hadi mwisho: papo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Daudi alipoambiwa na nabii Nathani, “Wewe ndiwe mtu huyo,” alijibu kwa maneno machache, “Nimemfanyia Bwana dhambi,” asiombe lolote kuhusu jina lake. Kinywani walikaribia kusema kitu kimoja. Daudi alikuwa anamtazama Mungu aliyemkosea, Sauli alikuwa anawatazama wazee wanaomtazama yeye. Njia zote nne ninazozieleza hapa zinaweza kupitwa kwa moyo wa Daudi au kwa moyo wa Sauli, ndiyo maana siwezi kukutajia moja kuwa bora kwa kila mtu.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni upana wa kosa: limemgusa nani, na nani analijua. Toba ikiwa nyembamba kuliko kosa, walioumizwa nawe wanaachwa nje ya mlango. Ikiwa pana kuliko kosa, inawabebesha aibu watu wasiohusika. Kigezo hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote.

Cha pili ni gharama na kinachorudishwa. Zakayo hakuishia kwenye machozi. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa aliyemnyang’anya. Torati katika Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, arudishe kitu chote, kisha aongeze sehemu ya tano. Aliyetumia laki tatu za kwaya, kwa hesabu hiyo, anarudisha laki tatu na elfu sitini.

Cha tatu ni mahali ambapo njia yenyewe huharibikia. Cha nne ni nani atakayekuuliza hali yako miezi mitatu baadaye, maana toba isiyo na wa kuifuatilia hupoa mapema.

Kutubu chumbani, wewe na Mungu

Upana. Inatosha pale kosa lilipokaa moyoni bila kumfikia mtu: wivu juu ya nyumba ya ndugu yako ya Njiro, chuki ambayo hujaitamka, majivuno ambayo rafiki ameyaona kabla hayajamuumiza mtu. Yesu mwenyewe alifundisha kuingia chumbani na kufunga mlango.

Gharama na kinachorudishwa. Mbele za watu haikugharimu kitu. Kinachorudi ni amani yako na Mungu, na hilo si dogo. Zaburi ya 51 ni mahali pazuri pa kuanzia, uisome kwa sauti, polepole.

Inapoharibikia. Wepesi wake ndio hatari yake. Mtu anasoma “Nimekutenda dhambi Wewe peke yako” halafu anaona hana haja ya kumwendea yeyote. Daudi aliyeandika hivyo alikuwa ameshakemewa na nabii, na habari yake ikaandikwa wazi mpaka leo sisi tunaisoma. Ukijiona unaipenda njia hii hasa kwa sababu hakuna atakayejua, jihoji.

Baadaye. Hakuna wa kukufuatilia, isipokuwa umrudie aliyekuonya na kumwambia: “Asante dada, lile neno lako nimelichukua.” Sentensi hiyo moja huwatia moyo waonyaji wa kweli, ambao mara nyingi nao hukosa usingizi wakijiuliza kama wamevunja urafiki.

Inamfaa mwenye dhambi ya moyoni, na mtu yeyote kama hatua ya kwanza kabla ya njia nyingine tatu.

Kumwendea uliyemkosea

Upana. Hapa ndipo makosa mengi ya kila siku yanapokaa: maneno uliyomtupia mkeo mbele ya watoto, deni ulilokana, mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) uliosogezwa, siri uliyoitoa kwenye kikundi. Mathayo 5:23-24 inasema ukiwa madhabahuni na kukumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, uende kwanza mkapatane. Angalia kwamba Yesu anaongelea neno alilo nalo ndugu yako juu yako. Maumivu yake ndiyo yanayokutoa kanisani.

Gharama na kinachorudishwa. Ni ghali kuliko inavyoonekana. Unakwenda kwenye ua wa mtu, unakaa kwenye kiti atakachokupa, na huna uhakika atakujibu nini. Kwa Wachaga mila imeliweka jambo hili wazi tangu zamani: anayeomba msamaha hupeleka jani la isale, mmea uleule unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na anayepelekewa anajua amebanwa na heshima ya mila asilikatae. Nimependa siku zote ule uwazi wake. Hakuna anayepokea jani lile akajifanya hajui limeletewa nini.

Mkristo anaweza kujifunza uwazi huo. “Kama kuna mahali nimekukosea, samahani” ni kauli isiyobeba kitu, kwa sababu inamwachia aliyeumia kazi ya kutafuta kosa. Taja kosa kwa jina lake: “Mama Neema, niliwaambia watu wa kikundi kwamba ulikula fedha. Sikuwa na ushahidi. Nilikosa. Nimekuja kukuomba msamaha, na Jumamosi kwenye kikao nitawaambia wote kwamba nilisema uongo.” Hiyo ya mwisho ndiyo marudisho. Kilichoharibiwa kilikuwa jina lake, basi kirudi kwa watu walewale waliolisikia likichafuliwa.

Inapoharibikia. Mahali pawili. Kwanza, mkosaji anapogeuza msamaha kuwa dai. Amesema samahani, sasa anataka mwenzake acheke naye, wale pamoja, yaishe leo. Hata kama mila inamtaka mpokea isale asamehe, moyo una mwendo wake, na unyenyekevu ni pamoja na kungoja. Pili, mahali ambapo nguvu hazilingani. Mwajiri akimwita dada wa kazi jikoni na kumwambia “nisamehe kwa kukutukana”, dada atasema yameisha hata kama hayajaisha, maana atalala wapi? Hapo toba ianze na kile alicho nacho mwenye nguvu: mshahara uliocheleweshwa ulipwe, siku za mapumziko ziheshimiwe, kisha maneno yafuate. Na kwa mume aliyempiga mkewe, kumwendea peke yake na kumtaka waelewane ni kumtisha mara ya pili. Awepo mtu mwingine, mahali atakapochagua mke, na kama mke hataki kumwona, aachwe.

Baadaye. Uliyemkosea anakuona kila siku, kwa hiyo yeye ndiye shahidi. Kwa familia zilizotawanyika, Desemba ina nafasi yake. Watu wanapopanda Marangu, Machame na Rombo kwa Krismasi, ndugu waliokuwa wakikwepana mwaka mzima wanajikuta kwenye ua mmoja. Ila usiingoje Desemba kama simu inaweza kupigwa Juni. Na usilimalize kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Pale hata toba njema huwa na wasikilizaji wengi kuliko inavyohitaji.

Inamfaa mtu ambaye kosa lake lina mwenyewe anayejulikana, na anayeweza kufikiwa bila kuongezewa madhara.

Kwa mchungaji au padri

Upana. Ni kwa lile linalokuelemea hata baada ya kuomba chumbani, lile linalojirudia kama pombe, kamari za simu, picha chafu au uzinzi, na lile ambalo hujui umwambie nani bila kuvunja nyumba mbili.

Taratibu zinatofautiana, na ni vizuri kuzijua kabla hujaenda. Kwa Wakatoliki ni Sakramenti ya Kitubio: majuto, maungamo, ondoleo analotamka padri, na malipizi. Siri yake hailegezwi kwa sababu yoyote; padri anayeivunja moja kwa moja anaangukia adhabu ya kutengwa na Kanisa papo hapo. Sheria ya Kanisa pia inamtaka kila muumini aliyefikia umri wa kupambanua aungame dhambi zake kubwa angalau mara moja kwa mwaka.

Walutheri wengi wa hapa kwetu hudhani maungamo ya mtu mmoja mmoja ni ya Wakatoliki tu. Luther aliyaweka katika Katekisimu Ndogo ya 1529, na Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 11, linataka ondoleo la faragha lidumishwe, ila bila kumlazimisha mtu kuorodhesha kila dhambi. Basi ukimwomba mchungaji wako wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) akusikilize faragha na akutamkie msamaha, hujaomba kitu kigeni. Kwa makanisa ya Kipentekoste kwa kawaida hufanyika kama ushauri na maombi, na uzito wa siri hutegemea sana mtu. Muulize kabla: “Mchungaji, haya yatabaki hapa?”

Gharama na kinachorudishwa. Gharama ni kulitamka kosa kwa sauti mbele ya mtu. Kinachorudi ni neno la msamaha linalotoka nje yako, lenye sauti ya mtu mwingine. Kwa aliyejihukumu miaka mingi, hilo ni mkate.

Inapoharibikia. Pale padri au mchungaji anapotumiwa badala ya uliyemkosea. Umeungama kwamba ulichukua fedha za kikundi, umepewa msamaha, na fedha bado ziko kwako. Padri makini atakwambia urudishe. Mchungaji makini pia. Usitafute asiye makini.

Baadaye. Nguvu kubwa ya njia hii iko hapa, ukikubali. Omba mpangilio: muonane tena mwezi ujao, na mwezi unaofuata. Kama mji wako ni mdogo na unaona haya kumwona mchungaji wa mtaa wako kila Jumapili, hakuna ubaya kumwendea wa usharika mwingine, kutoka Pasua hadi Kiboriloni ni nauli ya daladala tu.

Inamfaa anayerudia kosa lilelile, aliyeelemewa, na asiyejua amwendee nani kwanza.

Mbele ya usharika au jumuiya

Upana. Kosa lililojulikana na wengi, au lililofanywa kwa kutumia nafasi ya wengi: mwinjilisti aliyedanganya, mhazini aliyetumia sadaka, mzee wa kanisa aliyegombana hadharani. Mathayo 18:15-17 inaweka kanisa zima mwishoni, baada ya faragha na baada ya mashahidi wawili au watatu. Mpangilio huo ni rehema. Anayeanza na kipaza sauti ameuruka.

Kaskazini hii ina historia ndefu ya njia hii. Katika sharika za Kilutheri kuna utaratibu wa kumrudisha kundini aliyekuwa chini ya marudi (adhabu ya nidhamu) ya kanisa, afike mbele, aulizwe, aombewe, na ashiriki tena meza ya Bwana. Bruno Gutmann, mmisionari aliyetumika Old Moshi hadi 1938, aliujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, na ndiyo sababu kusimama mbele ya usharika kunamaanisha kusimama mbele ya watu wanaojua kihamba chako na baba yako. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulileta desturi nyingine: walokole kukutana na kuungamiana, wakiita hilo kutembea nuruni. Kwa Wakatoliki, Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo ya nyumba chache ndiyo mahali ambapo majirani hupatana kabla ya sala kuendelea.

Gharama na kinachorudishwa. Gharama ni kubwa kuliko zote, na kinachorudi kinaweza kuwa kikubwa kuliko vyote: imani ya watu. Mhazini akisimama na kusema kiasi, tarehe atakayomaliza kulipa, na kwamba amejiuzulu, usharika unapumua. Petro alikemewa na Paulo mbele ya wote huko Antiokia, Wagalatia 2 inasimulia, na katika waraka wa pili wa Petro Paulo anaitwa “ndugu yetu mpenzi”. Aibu ya hadharani haikuua undugu.

Inapoharibikia. Hapa nina neno zito. Linaniuma kuona binti wa miaka kumi na tisa akisimamishwa mbele kwa sababu mimba inaonekana, na mwanaume aliyehusika ameketi na kwaya akisubiri zamu ya kuimba. Tumbo ndilo lililomshitaki binti, mwanaume hakuna aliyemuuliza. Kanisa linalotaka toba ya wawili liwaite wawili, au lisimwite mmoja. Huharibikia pia pale ushuhuda unapotaja watu wengine waliotubu kimya, au unapoingia kwa undani mpaka watoto waliokaa mbele wanasikia yasiyo yao. Taja kosa, usilisimulie. Na huharibikia mwishoni, pale kundi linapokataa kusahau. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba adhabu aliyopata mkosaji mmoja kati yao kutoka kwa walio wengi ilitosha. Wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni iliyozidi.

Baadaye. Wanaokufuatilia ni wengi mno. Chagua wawili, wengine uwaombe wakuombee tu.

Inamfaa mwenye dhamana kwa watu wengi, na yule ambaye ukimya wake unaendelea kuwachanganya waumini.

Na onyo likiwa na ukweli nusu?

Hutokea. Aliyekuonya amekosea tarehe, ameongeza chumvi, au amesema kwa kiburi mbele za watu. Chukua ile nusu ya kweli kwanza na uitubu kikamilifu, halafu wiki nyingine, kwa upole, sahihisha iliyobaki. Ukianza na kusahihisha, nusu ya kweli haitafikiwa kamwe. Apolo alikuwa msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko, lakini Priska na Akila walipomchukua na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, alipokea, na akaendelea kuwa msaada mkubwa huko Akaya. Mengi aliyokuwa akifundisha yalikuwa sahihi, angeweza kusimama juu ya hayo na kubishana.

Kama onyo si la kweli hata kidogo, umeomba, umewauliza watu wawili wanaokujua na wasiokuogopa, nao wamesema hapana, basi usijitwishe toba ya kosa ambalo hukulifanya ili tu mambo yatulie. Sema kwa heshima kwamba hukufanya.

Kwa hali yako

Kosa liko moyoni na aliyekuonya ndiye pekee aliyeliona: chumbani, kisha umshukuru.

Umemuumiza mtu mmoja: mwendee yeye kabla ya mchungaji. Ukiogopa maneno yatakushinda, andika kwenye karatasi, au mchukue shangazi au mzee mnayemheshimu wote wawili.

Umeanguka katika jambo hilohilo kwa mara nyingine: mchungaji au padri, na ratiba ya kuonana. Chumbani peke yake kumeshakushinda, kubali hivyo.

Umekula fedha za wengi: anza kurudisha kabla ya kusimama mbele, hata kama ni elfu hamsini kwa mwezi, ili siku unaposema uwe na kitu cha kuonyesha. Kisha simama.

Umekosa katika ndoa na mwenzako hajui: hapa ushauri wa faragha na kiongozi wa kiroho utangulie, kwa sababu namna na wakati wa kumwambia vinahitaji busara, na afya yake inaweza kuwa hatarini. Suala la vipimo halingoji ushauri uishe.

Kosa lako ni jinai, hasa lililomgusa mtoto au lenye ukatili: hakuna toba ya kanisani inayochukua nafasi ya Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ungama kwa Mungu, na ujisalimishe. Na wazee watakaokushauri myamalize kifamilia, usiwasikilize.

Unahama kanisa kwa sababu ya onyo: ngoja kwanza. Kaa Jumapili chache palepale ulipoonywa, upatane na aliyekuonya, halafu kama bado unataka kuhamia usharika wa Sakina, Arusha, au wa Soweto, Moshi, omba barua yako uende kwa amani.

Na kama wewe ndiye kijana, na aliyekuonya ni mzazi au mzee, huhitaji kungoja upate maneno makubwa. Nenda na shikamoo yako, kaa chini, umwambie: “Baba, lile ulilosema juzi ni kweli, naomba unisamehe na uniombee.”